Tusi linafutika, kijembe ndicho kinachoua mjadala. Wadau, mnafanyaje huko kwenu?

Karani wa Maoni (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Kazi yangu hapa mjini ni kusoma maoni ya wasomaji. Gazeti letu ni dogo, la mtandaoni, ofisi iko Kinondoni. Habari ikitoka, mimi ndiye ninayebaki na wasomaji mpaka usiku. Kuna jambo moja nimeliamini ambalo wenzangu ofisini hawalikubali, nalileta hapa mlipasue.

Matusi ya nguoni si tatizo kubwa. Tusi linaonekana, linafutwa, aliyetukana anafungiwa, watu wanaendelea na mada. Kinachoua mjadala ni kijembe: maneno safi kabisa, huna hata herufi ya kufuta, ila yamepangwa ili msemaji aache kuwa msemaji na awe yeye ndiye mada.

Chukulia habari ya foleni ya abiria wa mwendokasi Kimara asubuhi. Mama mmoja anaandika vizuri tu: basi linajaa pale Kimara Mwisho, likifika Korogwe au Baruti halina nafasi hata ya kuning'inia, kwa nini mabasi machache yasianzie safari huko katikati wakati wa asubuhi? Hoja nzuri, ina mahali, ina pendekezo. Anayefuata anaandika: "Dada, kwani shemeji hana gari?" Basi. Komenti nyingi zinazofuata ni za shemeji: ana gari, hana gari, ameoa wapi, wanawake wa siku hizi wanataka nini. Habari ya mabasi imekwisha. Mama wa watu harudi tena, si siku hiyo tu, harudi kabisa.

Sasa niambieni ni programu gani ya kuchuja maneno itakayolikamata neno "shemeji". Hizo programu tulizijaribu. Ukiiambia izuie lile tusi maarufu la herufi nne, inamzuia pia mwalimu aliyeandika "kumaliza" na wakili aliyeandika "kumaanisha", kwa sababu tusi limo ndani yake. Mwenye kijembe anapita anacheka.

Kinachonisaidia mimi ni kuwepo. Saa ya kwanza baada ya habari kutoka ndiyo inayoamua, maana komenti tatu nne za mwanzo zikiwa za mada, wanaokuja wanafuata mkondo huo. Zikiwa za shemeji, ndiyo hivyo tena. Kwa hiyo naingia mapema, najibu kama mtu mwenye jina, nauliza swali la nyongeza kwa aliyeleta hoja. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Texas uliotoka mwaka 2015, walioufanya pamoja na kituo kimoja cha televisheni cha huko Marekani: mwandishi anayefahamika alipoingia mwenyewe kujibu wasomaji, lugha chafu ilipungua. Iliyojibu ikiwa ni akaunti ya kituo yenye nembo tu, haikusaidia vile. Watu wanaona haya mbele ya mtu. Nembo hawaionei haya.

Mhariri wangu yeye anataka tufunge sehemu ya maoni tupumzike. Nyie mnasemaje? Na wale wenye magrupu ya mtaa, ya wazazi wa shule, ya vikoba, mnafanyaje?

Mzee wa Gerezani:

Mleta uzi unazunguka mbuyu. Tatizo ni majina bandia. Mtu anajiita "Simba Dume" ana picha ya Rambo, unategemea adabu itoke wapi? Kila anayetaka kusema aweke jina lake kamili na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, utaona kama kuna atakayemuuliza mke wa mtu habari za shemeji. Sisi zamani ukitaka kusema unasimama kwenye mkutano wa mtaa, unataja jina na nyumba unayokaa, ndipo unasema.

Chuma Ulete:

Nakazia mzee.

Karani wa Maoni:

Mzee wangu shikamoo. Hilo la jina limejaribiwa na wenye uwezo kuliko sisi. Korea Kusini walitunga sheria, ikaanza kutumika mwaka 2007, kwamba mitandao mikubwa ithibitishe jina halisi la kila anayetaka kuandika. Haikuwapa adabu waliyoitegemea. Mwaka 2011 wadukuzi wakavamia kampuni moja kubwa huko, taarifa za watu takriban milioni 35 zikaibwa, na mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria yenyewe.

Na hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Laini zote tulizisajili upya kwa alama za vidole, mwisho ukawa Januari 2020. Tangu hapo kila anayekutukana WhatsApp ana kidole chake serikalini. Umeona wamepungua?

Ila kuna kitu umekisema cha kweli: "nyumba unayokaa". Kwenye mkutano wa mtaa jina lenyewe halitishi mtu. Kinachomtia adabu ni kwamba kesho utakutana naye dukani. Hicho ndicho mtandao umeondoa, na jina kamili halikirudishi.

Binti wa Mbagala:

Nimesoma uzi huu nikacheka kwa uchungu, maana huyo mama wa Kimara ni sisi wote. Mwanamke akiandika hoja anajibiwa sura, ndoa, au mapishi. Gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2016 lilichambua komenti zake milioni 70, na kati ya waandishi 10 walioandamwa zaidi, 8 walikuwa wanawake, na wawili waliobaki ni wanaume weusi. Hapo ni Uingereza wanakojisifu kwa ustaarabu.

Lakini kaka Karani, ngoja nikwambie upande wetu. Wewe unawaza kufuta. Mimi nikiandika hoja nikapigwa kijembe, kufutiwa kijembe hakunirudishi. Nimeshaaibika, na walioona wameona. Ninachohitaji ni mtu mmoja tu, hata simjui, anirudishe kwenye mada yangu. Aseme: "Dada, umesema basi linajaa Kimara Mwisho, ni kuanzia saa ngapi?" Hapo napata pa kukanyaga. Mwenye kijembe anabaki amesimama peke yake na shemeji wake. Komenti ya aina hiyo inanipa nguvu kuliko kumi zinazosema "mwacheni dada wa watu", maana na hizo zinanifanya mimi kuwa mada. Sikuja kuonewa huruma, nilikuja kuzungumzia mabasi.

Halafu tusiwasingizie wanaume pekee. Sisi tuliolelewa na taarabu na kanga tunajua kumpasha mtu bila kumtaja jina. Mwanamke akitaka kukuzika mtandaoni hakuachii ushahidi.

Karani wa Maoni:

Dada, hii ya kumrudisha mtu kwenye mada yake naichukua nzima.

Mtani Halali:

Jamani msituulie utani! Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Mnyamwezi nikimkuta popote, hata msibani, nina haki ya kumwambia maiti wake kafa kwa ulafi na familia inacheka. Mababu zetu waliyaweka haya tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Leo nikiandika hivyo chini ya habari nafungiwa? Na Simba na Yanga je? Uswahilini tumetukanana kwa timu tangu 1935 na 1936 zilipoanzishwa, mtu wa Jangwani na mtu wa Msimbazi wanakula sahani moja. Mtatufanya wazungu.

Mzee wa Gerezani:

Mtani Halali, utani una masharti, labda hujafundwa. Mtani msibani hatoi maneno tu. Anashika jembe, anachimba kaburi, anahudumia wafiwa. Mdomo wake umelipiwa kwa kazi. Wewe unayemtania mtu usiyemjua kwenye simu, umemchimbia nini? Pili, mtani anajulikana na wote waliopo kuwa ni mtani. Mtandaoni akisoma Mhaya au Mmasai asiyejua kama nyie ni watani, anaona ukabila mtupu, naye anaongeza wake.

Mtani Halali:

Mzee umenibana. Lakini mpira niachieni.

Vumbi la Tandale:

Naomba niwe mkorofi kidogo. Hizi habari za ustaarabu mara nyingi ni silaha ya wakubwa. Mnyonge akilalamika anaambiwa "tumia lugha nzuri". Mwaka 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza mwezi Julai, watu walipiga kelele mitandaoni, lugha haikuwa ya msikitini wala kanisani. Mwezi Septemba tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Tungesema kwa upole "tunaomba mtufikirie" nani angesikia? Karani, siku ile ungekuwa kazini ungetufuta wangapi?

Karani wa Maoni:

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, na nitalijibu kwa urefu kidogo, mniwie radhi.

Hasira sifuti. Mtu akiandika "hii tozo ni wizi wa mchana, mnamkamua muuza mchicha anayetuma elfu kumi kwa mama yake Singida", hilo linabaki, hata kama limeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo mwisho. Lina povu, ndiyo, lakini ndani ya povu kuna muuza mchicha, kuna elfu kumi, kuna Singida. Waziri akitaka kujibu ana cha kujibu. Ninachoondoa ni hasira inapogeuka kutoka kwenye jambo na kumwendea mtu asiye na mamlaka yoyote juu ya jambo lenyewe: msomaji mwenzako aliyesema tozo zitajenga zahanati. Huyo hakukutoza. Yuko kwenye daladala kama wewe. Kwa nini yeye ndiye aambiwe ametumwa, amelipwa, ana njaa?

Angalieni hilo neno "umetumwa". Limeua mijadala mingi hapa mjini kuliko matusi yote ya Kariakoo. Ukishamwambia mtu ametumwa, hana jibu. Akikataa, ndivyo anavyosema aliyetumwa. Akinyamaza, amekubali. Kwa mwenye cheo niko mlegevu makusudi: kiongozi asemwe kwa ukali juu ya kazi yake, hilo ni haki ya raia, na ibara ya 18 ya Katiba ipo kwa ajili hiyo. Kwa msomaji dhidi ya msomaji niko mkali. Ukiona nimepindua, nimfute anayemkemea mkubwa nimwache anayemnyanyasa mdogo, nipige kelele hapa hapa.

Vumbi la Tandale:

Sawa. Sikubaliani na yote ila hiyo ya "umetumwa" imenigusa, nitapunguza.

Wakili wa Posta:

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 23 kinachohusu kumnyanyasa mtu mtandaoni, na adhabu yake si ndogo. Ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Hata hivyo kukimbilia polisi kwa kila kijembe ni kuua nzi kwa nyundo, na pia ni kumpa mwenye nguvu fimbo ya kuwachapia wanaomkosoa. Sheria iwe ya mwisho, kwa vitisho na kwa kumwandama mtu siku nenda rudi.

Mimi napendekeza kitu kilichopo bungeni ambacho kila Mtanzania amekiona kwenye televisheni. Mbunge akisema jambo zito juu ya mwenzake, mwingine anasimama: kuhusu utaratibu. Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, kinamtaka msemaji athibitishe au afute kauli. Hafukuzwi papo hapo. Anapewa njia ya kutokea, na akifuta kauli anaendelea na mchango wake. Kwa nini wasomaji tusifanyiwe hivyo? Anayesema "umelipwa" aambiwe: thibitisha au futa kauli. Wabunge wenyewe hawatii kila mara, najua, msinijie juu.

Baba Neema Tabata:

Mimi ni admini wa grupu la mtaa wetu. Wenye magazeti mna raha, sisi tunabishana na watu tunaogongana nao getini. Grupu letu liliwaka moto kwa pesa ya ulinzi shirikishi. Mmoja akaandika kwamba mweka hazina anajengea nyumba Chanika kwa pesa zetu. Kikaanza: huyu kamtetea, yule kamtaja mkewe, wengine wanarusha vikaragosi vya moto.

Nilichofanya ni hiki. Sikuandika kitu kwenye grupu. Nilifunga kwanza, admini pekee ndio waandike, halafu nikampigia simu aliyetoa tuhuma. Simu, si ujumbe. Nikamuuliza: mwezi gani haukuuona kwenye mahesabu? Akanyamaza, kisha akasema Machi. Nikampigia mweka hazina nikamwambia naomba ya Machi. Ilikuwepo, kwenye daftari, ila hakuwahi kuipiga picha na kuituma. Tulipofungua grupu, kitu cha kwanza watu walichokutana nacho ni picha ya ukurasa wa Machi. Aliyetuhumu akaandika "nimeona, asante". Sikumlazimisha kuomba radhi, maana ningemlazimisha angeanza upya.

Siku hizi WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa mtu kwa wote. Kitufe hicho nakitumia kwa picha za maiti na vitu vya namna hiyo. Kwa ugomvi natumia simu. Sauti ya mtu mzima anayekuuliza "mwezi gani?" inatuliza kuliko kitufe.

Karani wa Maoni:

Baba Neema, "mwezi gani?" Tuhuma ikipewa mwezi inakuwa swali, na swali linajibika. Bahati mbaya mimi namba za wasomaji sina, ila ujumbe wa faragha ninao.

Dogo wa Bando:

Wakubwa mmesahau kitu. Wengi wetu hatusomi habari, na siyo uvivu. Nina bando la mitandao ya kijamii tu, kiungo cha gazeti hakifunguki. Naona picha ya kichwa cha habari kwenye grupu, kichwa chenyewe kimeandikwa ili niwake, nami nawaka. Halafu mnasema sina adabu. Nimeijibu habari niliyopewa!

Binti wa Mbagala:

😂😂 Dogo amemaliza.

Wakili wa Posta:

Norwei mwaka 2017 kitengo cha teknolojia cha shirika lao la utangazaji, NRK, kiliweka maswali matatu kuhusu habari yenyewe, ukijibu ndipo unaruhusiwa kutoa maoni. Dogo hapo angekwama mlangoni.

Karani wa Maoni:

Ningekwama na mimi mkuu, kwa wasomaji kukimbia. Norwei intaneti siyo ya kukwangua vocha. Kwa Dogo dawa ni nyingine na inatuhusu sisi waandishi: habari ikiwekwa kwenye mitandao, aya mbili za kiini ziende pamoja na kichwa, asome bila kufungua kiungo. Na vichwa vya kuwasha watu tuache. Huwezi kuandika "MAAJABU! Wabunge wawageuka wananchi" halafu ushangae wananchi wakikugeukia.

Hili la vichwa ndilo nitakalogombana nalo na mhariri kesho, kabla ya hilo lake la kufunga maoni. Jarida la Popular Science la Marekani lilifunga maoni mwaka 2013, redio ya NPR ikafuata mwaka 2016. Watu hawakunyamaza, waliendelea kusema kwenye mitandao mingine. Sisi tukifunga, watu wetu watahamia kwenye magrupu ambayo hata hao akina Baba Neema hawamo.

Malenga wa Kigamboni:

Nimechelewa, pantoni. Naona mnatafuta dawa ughaibuni na hapa Dar ilikuwepo. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka mwaka 1923, na washairi walibishana humo, mmoja akitupa hoja, mwingine wa mji wa mbali akijibu toleo linalofuata. Waliweza kupigana vikali sana. Lakini aliyejibu alitakiwa afuate bahari ya mwenzake, yaani aina ile ile ya shairi, mara nyingi na vina vyake, na achukue maneno ya mwenzake ayageuze. Huwezi kufanya hivyo bila kumsoma mtu kwanza, tena zaidi ya mara moja. Na barua ilichukua siku njiani, hasira ikapata muda wa kupoa. Nawatungia beti:

Umesema nimesoma, nami sasa nakujibu,
Hoja yako nimepima, ndani yake nina tabu,
Wewe sikukusakama, nagusa yako sababu,
Kama nimekosa, sema, unijibu kwa adabu.

Mtani Halali:

Malenga mstari wa tatu umenipa mimi kabisa.

Baba Neema Tabata:

Karani, hiyo "thibitisha au futa kauli" ukianza kuitumia, unampa mtu muda gani? Na ukiondoa komenti unasema umeondoa, au inapotea tu? Kwangu nikifuta kimyakimya wanasema nimehongwa.

Karani wa Maoni:

Nitampa mpaka saa sita usiku wa siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa faragha, si mbele za watu. Asipofuta, natoa mwenyewe na kuacha maandishi pale pale: "Imeondolewa: inamzungumzia mtu, haizungumzii mada." Jina la aliyeandika silitaji. Akirudia, wiki moja nje. Vitisho vya kumdhuru mtu havingoji saa sita, vinatoka hapo hapo na vinahifadhiwa, kwa sababu aliyetishwa anaweza kuvihitaji kama ushahidi.

Na ile ya Binti nitaifanya mwenyewe kila asubuhi: kabla sijafuta kijembe, kwanza namuuliza swali la mada aliyepigwa.

Mtani Halali, mpira nitauombea ukurasa wake, na juu tutaandika kwamba ni wa watani. Huko povu ruksa, ila mama wa mtu haguswi.

Mtani Halali:

Hata wa refa?

Karani wa Maoni:

Hata wa refa.